Kizuri Hakikujiuza: Habari za Wauza Nguo wa Pwani

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza; na mithali hii imekaa katika vinywa vya watu muda mrefu, hata aghalabu hatuulizi tena kama ni kweli yote au ni sehemu tu ya kweli. Mwenye rai njema huitoa mara moja mbele ya wenzake barazani, na akiona haikupokewa hunyanyuka akaenda zake, akijifariji moyoni kwamba kizuri chajiuza na kwamba kasoro ni ya masikio ya watu, si ya ulimi wake. Mwalimu husomesha jambo lenye manufaa kwa maneno yasiyoingia akilini mwa mtoto, kisha humwandika mtoto huyo kuwa ni mzito wa kufahamu. Mzazi humpa kijana wake usia ulio haki tupu, lakini humpa mbele ya wageni, kwa sauti ya kukaripia, na usia ukaanguka chini kama maji katika pakacha. Nami nilikuwa mmoja wa walioitegemea mithali hii, mpaka niliposoma habari za biashara ya nguo katika pwani yetu, tangu zama za Sayyid Said hata mwanzo wa karne ya 20, nikaona kwamba wale waliouza kwa ufundi hawakuwa na imani nayo hata kidogo. Hawakungoja kizuri kijiuze. Walimtafuta mnunuzi katika haja yake, katika fahari yake na hata katika majonzi yake. Na kwa sababu hiyo nadhani habari zao zina faida kwa kila mtu, hata yule ambaye hatauza kitu maishani mwake.

Tuanze na nguo ambayo, tukiitazama kwa juu juu, yaipa mithali ile ushahidi wote. Tarehe 21 Septemba 1833 Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, alifanya mapatano ya biashara na Marekani kwa mkono wa mjumbe Edmund Roberts, na mwaka 1837 Richard Waters, mwenyeji wa mji wa Salem katika jimbo la Massachusetts, alifika Unguja kuwa balozi mdogo wa nchi yake, naye papo hapo alikuwa mfanyabiashara. Merikebu za Salem zilichukua pembe za ndovu, sandarusi, ngozi na karafuu, zikaleta nguo ya pamba isiyopaushwa, nzito, ya nyuzi zilizoshikana, ambayo watu wetu waliiita merikani kwa jina la nchi ilikotoka, na jina hilo likaingia katika lugha wala halijatoka. Sifa ya merikani ilikuwa kudumu. Ilifuliwa ikarudi, ilibebewa mzigo ikarudi, na maskini aliyenunua shuka moja alijua kwamba ataivaa muda mrefu kabla ya kuhitaji nyingine. Wafumaji wa Uingereza walipoiona faida ya soko hilo walijaribu kuiga, lakini mnunuzi wa bara, ambaye mfumaji wa Manchester pengine alimdhania kuwa mjinga, aliitia nguo kati ya kidole gumba na cha shahada, akaisugua, akaupukuta wanga wake, akaikataa. Ilipozuka vita ya wenyewe kwa wenyewe katika Marekani mwaka 1861, ikadumu mpaka mwaka 1865, ndipo pamba ilipoadimika na merikani halisi ikapungua katika forodha ya Unguja, nguo za Uingereza na za Bombay zikapata mlango wa kuingilia.

Hapo waweza kusema: basi kizuri kilijiuza. Lakini nguo ile haikutembea kwa miguu yake kutoka forodhani hata Tabora na Ujiji. Ilifungwa mizigo, ikawekwa mabegani mwa wapagazi, ikapita Bagamoyo, ikapanda Usagara, ikavuka Ugogo penye uhaba wa maji, ikafika Unyamwezi baada ya miezi. Na katika kila nchi iliyopitiwa palikuwa na watu wenye mapenzi yao, waliojua wanachokitaka na wasichokitaka, wala hawakuwa tayari kupokea kitu kwa sababu tu mtu wa pwani amesema kuwa ni kizuri. Mwenye kuyapuuza mapenzi hayo alirudi muflisi, na wengine hawakurudi kabisa.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni wa ushanga. Richard Burton, Mwingereza aliyeondoka pwani mwaka 1857 na kufika Ujiji mwezi Februari 1858, aliandika kwamba ushanga wa biashara ulikuwa wa aina zipatazo 400, na kwamba baadhi ya aina hizo zilikuwa na majina matatu au manne kila moja. Ushanga mwekundu uitwao samesame ulipendwa mno, hata ukapewa lakabu mbili zinazostahili kukumbukwa: lakabu moja maana yake ni kitu kimalizacho chakula, kwa kuwa mtu aliweza kutoa chakula chake ili aupate, na nyingine maana yake ni kitu kivunjacho mji, kwa kuwa wanawake waliupenda mpaka nyumba zikaingia matatani. Majina kama haya hayatungwi na mwenye kiwanda kule Venice alikoutengeneza ushanga. Hutungwa na watu waliokaa sokoni, wakazitazama nyuso za wanunuzi, wakauona moyo wa mtu unavyokwenda pindi mkono unapoingia mfukoni. Muuzaji aliyeijua lakabu alikuwa ameijua nusu ya biashara.

Henry Stanley alifika Unguja mwezi Januari 1871, ametumwa na gazeti moja la New York kumtafuta Dakta Livingstone, naye alikuwa na fedha nyingi lakini hana maarifa yoyote ya bara. Alikwenda kwa wafanyabiashara wa mji akawauliza, na majibu yao ameyahifadhi katika kitabu chake. Walimwambia kwamba msafara wa watu 100 watosheka kwa doti 10 kwa siku, yaani yadi 40 za nguo, kwa kununua posho. Walimwambia pia kwamba ushanga mweusi uliokuwa kama fedha katika Ugogo ulikataliwa kwingine. Kwamba ule mkubwa mfano wa yai uliokubaliwa Ujiji na Uguha haukuwa na thamani kwa wengine. Na kwamba mweupe ulikuwa na wenyewe katika Ufipa na baadhi ya sehemu za Usagara na Ugogo. Fikiri, msomaji, juu ya mtu aliyenunua frasila nyingi za ushanga mweusi kwa kuwa aliuona unang'aa machoni pake yeye, akawalipa wapagazi ujira, akauvusha Ugogo bila ya kuutumia wote, akafika mbele akaambiwa kwamba ule ni mawe. Bidhaa yake haikuharibika njiani, wala hakuibiwa. Kosa lake ni kwamba aliuuliza moyo wake mwenyewe swali ambalo ilimpasa kuwauliza watu wa mbele.

Habari hizi hazikuwa na kitabu kabla ya wageni kuziandika. Zilikuwa katika vichwa vya viongozi wa misafara na vya wapagazi wa Kinyamwezi waliokwenda wakarudi, na mwenye duka wa Unguja au Bagamoyo aliyetaka kufanikiwa hakuwa na njia nyingine ila kumketisha mtu aliyetoka safari, aliyekonda, ambaye pengine katika mambo mengine asingemtazama mara mbili, akamsikiliza. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu sisi tunapomfikiri muuzaji hodari humfikiri mtu wa maneno, mwenye ulimi wa asali asiyenyamaza. Ilhali wale waliovusha bidhaa nusu ya bara hili walikuwa kwanza watu wa masikio. Ulimi ulikuja baadaye, nao ulisema yale ambayo masikio yalikuwa yamekwisha kuyakusanya.

Kitu cha pili kilichofanya biashara hii iwezekane kilikuwa amana. Mwenye msafara aghalabu hakuwa na fedha taslimu. Alichukua nguo, ushanga na baruti kwa mkopo kutoka kwa matajiri wa mjini, wengi wao wakiwa ni Wahindi, akaenda mwaka au miaka kadhaa mahali ambapo hakuna kadhi wala askari wa kumkamata, na tajiri akabaki Unguja na daftari lake. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kwa lakabu ya Tippu Tip, ameeleza katika habari za maisha yake, alizoziandika kwa Kiswahili, jinsi alivyopewa mali na matajiri hao, na Taria Topan akawa mmoja wa waliomkopesha. Mali bila daftari hupotea bila habari, ndivyo wasemavyo wafanyabiashara wetu. Lakini daftari lenyewe halikuweza kumfuata mtu bara, kule Manyema. Kilichomfuata ni jina lake. Aliyerejea akalipa alipewa maradufu safari ya pili, na aliyekwepa deni akakuta milango yote ya mtaa imefungwa siku moja, kwa kuwa matajiri wale waliketi pamoja na kupashana habari.

Lakini si insafu kuyasifu maarifa haya bila ya kusema yalitumiwa kwa kazi gani. Nguo ileile iliyonunua pembe ilinunua pia binadamu, na muuzaji aliyejua kwa uhodari kabisa kipi kitamvutia mtawala wa kijiji fulani, pengine alikitoa kitu hicho ili apewe vijana wa kijiji hicho wafungwe minyororo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa mwaka 1873, wala hapana uhodari wowote wa kibiashara unaoweza kuyafuta yaliyotendeka hapo kabla ya siku ile na baada yake kwa siri. Kujua haja ya mtu ni nguvu, na nguvu hiyo yaweza kumhudumia mwenye haja, na yaweza kumnasa. Kwa hiyo ninapoyataka maarifa ya wauzaji yaingie katika maisha ya kila siku ya mtu wa kawaida, nayataka yaje pamoja na uadilifu, na bila ya uadilifu ni afadhali yasije. Hata katika jambo dogo la kupima nguo mtihani huu ulikuwapo: kipimo kilikuwa mkono, toka kiwiko hata ncha ya kidole, na mikono minne ikawa shuka, na shuka mbili zikawa doti, na kwa kuwa mkono wa mtu mrefu si sawa na mkono wa mtu mfupi, kila kipimo kilikuwa mahali pa kudhulumu au pa kutenda haki, mbele ya macho ya mnunuzi aliyekuwa akitazama kwa makini sana.

Natuondoke sasa katika njia za misafara tuingie mjini, maana huko ndiko ufundi huu ulikofikia upeo wake, na walimu wake walikuwa wanawake. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 wanawake wa Unguja na Mombasa walikuwa wakinunua vitambaa vya mraba vya kufutia, vyenye nakshi, vilivyoitwa leso kwa neno lililoachwa na Wareno. Vitambaa hivi vililetwa vikiwa vimeungana katika jora, na kawaida ilikuwa kukata kimoja kimoja. Wanawake wakakataa kawaida hiyo. Walinunua sita kwa pamoja, wakavikata vitatu vitatu, wakavishona ubavu kwa ubavu, wakapata nguo moja pana ya kujifunga, yenye urembo ambao hakuna mfumaji wa Ulaya aliyeuwaza. Muuzaji mvivu angeona kwamba sita zimeuzwa, na akafurahi, basi. Muuzaji mwangalifu alijiuliza: huyu ananunua sita za nini? Akamtazama akipita njiani, akaona mshono, akafahamu kwamba mnunuzi anafanya kwa sindano, kwa taabu, kazi ambayo kiwanda chaweza kumfanyia. Hapo ikaagizwa nguo nzima iliyopigwa chapa kwa kipimo kile, na ndiyo nguo ambayo Mombasa wangali wanaiita leso na kwingine yaitwa kanga. Jina hili la pili, kama wasemavyo wengi, latokana na ndege kanga mwenye madoa meupe, kwa kuwa nguo za kwanza zilikuwa na madoa mfano wa manyoya yake.

Katika historia yote ya biashara ya pwani sijui jambo lingine lenye mafundisho kupita hili. Kanga haikubuniwa na muuzaji akawashawishi watu waipende. Ilibuniwa na wanunuzi, na sifa ya muuzaji ni kwamba hakuona haya kufundishwa na mteja wake. Nimewaona watu wenye ilimu kubwa, maofisa wa afya na wa kilimo, wakiingia kijijini na shauri jema mkononi, wakakuta wanakijiji wana namna yao ya kulitimiza jambo lilelile kwa mshono wao wenyewe, wakaudharau mshono huo badala ya kuuliza umeshonwa kwa sababu gani. Shauri lao likabaki boharini, mfano wa ushanga mweusi uliovushwa Ugogo.

Upande wa chini wa habari hii ni mzito zaidi. Kabla ya kanga, nguo ya mwanamke mtumwa na ya maskini ilikuwa merikani tupu, au kaniki, ambayo ni nguo ya pamba iliyotiwa nili ikawa nyeusi au ya buluu iliyokoza. Aliyeiona kaniki mwilini mwa mtu alijua, au alidhani kwamba anajua, daraja ya mtu huyo. Utumwa ulipopigwa marufuku Unguja kwa amri ya mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, wanawake wengi waliokuwa watumwa waliiacha kaniki ikawa nguo ya kazi za shamba tu, na kwa fedha yao ya kwanza ya ujira wakanunua kanga. Walinunua rangi. Walinunua pia haki ya kupita njia kuu wakiwa wamejifunga nguo ileile aliyojifunga binti wa muungwana. Mwenye duka aliyehesabu kwa yadi na kwa pesa asingeweza kueleza kwa nini mwanamke mwenye ujira mdogo namna ile anunue doti mpya hali ya zamani haijachakaa. Lakini yule aliyekuwa akiishi mtaa mmoja nao, akasikia mazungumzo yao, alijua kwamba mbele yake amesimama mtu anayenunua heshima, na kwamba kumpokea mtu wa namna hiyo kwa dharau, kumtupia nguo juu ya meza kama atupiwaye mwombaji, ni kumnyima bidhaa ile hasa aliyoijia. Ndipo taadhima ilipokuwa sehemu ya bei. Neno "karibu, bibi," likitamkwa kwa mwanamke ambaye miaka michache nyuma alikuwa akiitwa kwa kupigiwa makofi, lilikuwa na uzito usiopimika kwa mizani ya dukani.

Baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, yakaja maandishi. Kanga ina pindo linaloizunguka, ina mji ulio katikati, na chini ya mji ina jina, yaani lile fumbo au methali inayosomwa na mwenye macho. Na jina hapo kwanza liliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa za Kirumi. Wengi wanamtaja Kaderdina Hajee Essak, aliyeanzisha biashara yake Mombasa mwaka 1887, na ambaye nguo zake zajulikana mpaka leo kwa alama ya Mali ya Abdulla, kuwa ndiye wa kwanza kuzitia kanga maneno. Iwe ni yeye peke yake au ni yeye na wenziwe, aliyelifanya jambo hili alikuwa amesikia kitu ambacho sisi wengine tulikuwa tukikisikia kila siku bila ya kukijali: kwamba mwanamke wa Kiswahili ana mambo mengi ambayo adabu haimruhusu kuyatamka kwa kinywa. Ana neno kwa mke mwenziwe, ana neno kwa jirani msengenyaji, ana shukrani kwa mama yake na mapenzi kwa mumewe, na ulimi umefungwa na haya. Muuzaji akampa nguo iseme. Maneno yenyewe yalikuwa ya wateja wenyewe, yaani mithali na mafumbo yaliyokuwa yakizunguka mtaani, yakapelekwa ng'ambo kupigwa chapa na watu wasiojua hata herufi moja ya maana yake, yakarudi kwa wenyewe yakauzwa kwa doti. Basi, kama kuna mtu anayetaka kujua namna ya kusema na watu wakamsikiliza, na atazame hapo: mfanyabiashara aliwarudishia watu maneno yao wenyewe yaliyopambwa, nao wakayapokea kwa mikono miwili.

Na dukani kwenyewe ufundi ulikuwaje? Wateja waliingia aghalabu wawili au watatu pamoja, kwa kuwa kununua kanga si kazi ya mtu mmoja. Mmoja huchagua, mwingine hukosoa, wa tatu hukumbusha kwamba jina lile fulani amekwisha kulivaa jirani. Muuzaji hodari hakuanza na bei, wala hakuanza na nguo. Alianza na hujambo, na habari za nyumbani, na hali ya yule mgonjwa aliyetajwa mara ya mwisho, kisha akauliza swali moja fupi: "Ya harusi, mama, au ya kuvaa nyumbani?" Kwa swali hilo alikuwa amekwisha kupunguza marundo kumi kuwa mawili. Kama ni ya bibi arusi alijua kwamba kisutu, chenye wekundu, weusi na weupe wake wa kale, hakiwezi kukosekana. Kama ni ya msibani hakuthubutu kulikunjua jina la mzaha. Alizikunjua nguo moja moja, akamwachia mteja azishike, azinuse, azitazame mlangoni penye nuru, na muda huo wote alinyamaza. Kunyamaza huko ndiko kugumu. Mwanafunzi wa duka huona kimya kama shimo akataka kulijaza kwa maneno, na kila neno analoliongeza humtoa mnunuzi katika mazungumzo yake na nguo.

Kisha huja mapatano. "Bei gani hii?" "Kaa kwanza uitazame, mama, bei haitagombanisha mtu." "Ghali, punguza." "Nimepunguza kabla hujasema, kwa kuwa ni wewe." Mgeni asiyejua mila zetu hudhani kwamba hapa pana vita, na kwamba mmoja atashinda na mwingine atashindwa, lakini biashara haigombi. Wote wawili wanajua bei itakapokwenda kutua, ila wanataka wafike hapo pamoja, kila mmoja akiwa ametoa kidogo na amepewa kidogo. Muuzaji hodari huyu hakumwacha mteja atoke dukani akiwa ameshindwa, alishuka senti za mwisho kwa makusudi, ili mama yule atakapofika nyumbani aweze kusema, "Nimeipata kwa bei yangu." Nimefikiri mara nyingi juu ya senti hizo katika nyumba zetu, pale mume na mke wanapogombana juu ya jambo ambalo wote wawili wanajua litaishia wapi, na kila mmoja akang'ang'ania kumfikisha mwenziwe hapo kwa kumburura. Tungekuwa na maarifa ya mwenye duka tungeziacha senti za mwisho, na mwenzetu angefika akiwa na uso wake.

Wala usidhani kwamba maarifa haya yalikuwa ya matajiri wenye maduka peke yao. Muuza kahawa wa Unguja, wa Lamu na wa Mombasa, mwenye dele lake la shaba juu ya makaa na vikombe vidogo visivyo na mkono, hakuwa na mtaji wa kutajika, na bado ni mmoja wa wauzaji wastaarabu kabisa ninaowajua. Hapigi kelele. Hugonganisha vikombe vyake viwili vitatu kwa kiganja, mlio mwembamba ukatangulia kichochoroni, na mwenye haja akajua kwamba kahawa yapita. Akifika barazani na kukuta wazee wamo katika habari nzito ya msiba au ya mirathi, huchutama pembeni, akavinyamazisha vikombe, akangoja habari ipate pumzi. Ameijua saa ya neno lake, na kwa hiyo neno lake halirudi na fedheha.

Kanga ziliendelea kuja kutoka ng'ambo, Uholanzi na Uingereza, kisha India na Ujapani, mpaka viwanda vya Afrika Mashariki vyenyewe vilipoanza kuzipiga chapa. Na kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilifunguliwa mwaka 1968. Walioiga vibaya walipotea: wengine walituma rangi zilizopendwa mwaka uliopita, wengine walikosea herufi moja ya jina, na mzigo mzima ukakaa rafuni. Waliodumu ni wale waliokuwa na mtu wa kukaa barazani akasikiliza. Nguo yenyewe haijabadilika sana. Mpaka leo huuzwa kwa doti, mbili kwa pamoja, na mama anayeingia dukani huikunjua, hulitafuta jina chini ya mji, hulisoma taratibu, mara ya pili kwa sauti ili mwenziwe alisikie, kisha ndipo huuliza bei.